Somo la Mwezi Huu: Maji ya Chini Hayana Mawe ya Mpaka



Skimu ilipogawanywa, mpima ardhi alikuja akaweka jiwe katika kila pembe ya shamba. Tangu siku hiyo kila mtu ajua shamba lake laanzia wapi na laishia wapi. Mahindi yaliyo ndani ya mawe hayo ni yako, na ng'ombe wa jirani akiingia una haki ya kusema. Lakini kuna kitu kimoja ambacho mpima ardhi hakukigawanya, wala asingeweza kukigawanya. Kitu hicho ni maji yaliyo chini ya udongo. Ukiyavuta wewe, hupungua kwa jirani. Akiyavuta jirani, hupungua kwako.

Wengi hawalijui jambo hili, na kutojua huko kwaweza kuwaharibia watu wa skimu nzima. Somo hili laeleza maji ya kisima hutoka wapi, kwa nini hupungua, na mkulima mwenye ekari chache aweza kufanya nini. Yafaa lisomwe kwa sauti katika kikundi, halafu watu wajadiliane maswali yaliyo mwisho.

MAJI YA KISIMA HUTOKA WAPI?

Wako wanaoamini ya kwamba chini ya ardhi kuna mto upitao, na ya kwamba fundi hodari wa visima ni yule aupataye mto huo. Akishaupata, wasema, maji hayatakwisha kamwe. Mahali pachache penye mawe ya chokaa mito ya namna hiyo ipo kweli. Lakini katika sehemu nyingi za nchi yetu maji ya chini hayapiti kama mto. Yamekaa katika nafasi ndogo ndogo zilizo kati ya chembe za mchanga na changarawe, na katika nyufa za miamba. Kisima ni shimo tu ambalo limefika mahali ambapo nafasi hizo zimejaa maji.

Maji hayo yalitoka mvuani. Mvua ikinyesha shambani hugawanyika mafungu manne. Fungu la kwanza hukauka kwa jua na upepo. Fungu la pili hunywewa na mizizi ya mimea. Fungu la tatu hukimbia juu ya ardhi mpaka mtoni, na mara nyingi huchukua udongo mzuri pamoja nalo. Fungu la nne huzama chini, likapita mizizi, likaingia polepole mahali pa akiba. Hilo la nne kwa kawaida ndilo dogo kabisa, na ndilo linalojaza visima vyetu.

Basi maji ya chini ni kama mahindi ya ghalani. Mvua huweka, nasi hutoa. Tukitoa kuliko kiasi kilichowekwa, ghala hupungua hata kama hatulioni likipungua. Na maji ya visima virefu vya mashine huenda yalinyesha kabla babu zetu hawajazaliwa. Anayeyavuta huvuna jambo ambalo hakulipanda.

JARIBIO LA KUFANYA NYUMBANI

Ikiwa una mashaka, fanya hivi. Chukua karai, ulijaze mchanga safi. Mwaga maji polepole mpaka yafike karibu na nusu ya kimo cha mchanga. Sasa chimba vishimo viwili kwa mkono, kimoja upande huu na kimoja upande ule, mpaka uone maji ndani ya vyote viwili. Hivyo ndivyo visima viwili vya majirani.

Teka maji kwa kijiko katika kishimo kimoja tu, na uendelee kuteka. Baada ya muda angalia kile kingine ambacho hukukigusa. Utaona maji yake nayo yameshuka. Kisha nyunyiza maji kidogo juu ya mchanga, kama mvua, na uone yanavyochukua muda kurudi. Watoto wa shule wafanye jaribio hili mbele ya wazazi wao, maana jambo lililoonwa kwa macho halisahauliki upesi.

HESABU YA NDOO NA HESABU YA PAMPU

Zamani watu waliteka kwa ndoo na kamba, na ghala halikuwa na hofu kubwa. Tuseme nyumba moja hutumia madebe 10 kwa siku, yaani lita 200. Sasa tuseme mkulima amenunua pampu ndogo itoayo lita 5 kwa sekunde. Kwa saa moja pampu hiyo hutoa lita 18,000, ambazo ni madebe 900. Akiiwasha saa nne asubuhi moja, ametoa madebe 3,600. Nyumba ile ya ndoo ingehitaji siku 360 ili itoe kiasi hicho. Yaani asubuhi moja ya pampu ni karibu mwaka mzima wa ndoo.

Tuangalie na upande wa kuweka. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Ekari moja ni mita za mraba 4,000 na kidogo zaidi. Mvua ya milimita 600 kwa mwaka huleta juu ya ekari hiyo lita 2,400,000 hivi. Ni maji mengi sana. Lakini tuseme katika kila lita 100 zilizonyesha, lita 5 tu ndizo zilizozama mpaka akibani. Hizo zitakuwa lita 120,000 kwa mwaka mzima. Pampu yetu yaweza kuzimaliza kwa muda usiofika saa saba.

Hatusemi ya kwamba pampu ni mbaya. Pampu imewaletea wakulima wengi mboga, maziwa na karo ya shule. Twasema ya kwamba mwenye pampu hana budi kujua hesabu. Siku hizi hesabu hiyo yatakiwa zaidi, kwa sababu pampu za sola zimeenea. Pampu ya mafuta hujizuia yenyewe kidogo, maana mafuta hununuliwa, na mwenye pampu huizima mapema. Jua halinunuliwi. Baada ya kulipa bei ya mitambo, pampu yaweza kuvuma tangu asubuhi mpaka jioni bila mtu kuona gharama. Gharama ipo, lakini imefichika chini ya ardhi.

JINSI UJIRANI UNAVYOHARIBIKA

Tuseme kuna mashamba matano kwenye mteremko mmoja, na kila shamba lina kisima cha mita 12. Mkulima wa kwanza achimba mpaka mita 20, aweka pampu, apanda nyanya, apata fedha. Hana nia mbaya. Wa pili aona maji yake yameshuka, naye achimba mita 25. Wa tatu akopa fedha, aita mashine, achimba mita 80. Wa nne na wa tano hawana fedha. Visima vyao vyakauka, na mama wa nyumba hizo sasa watembea mpaka mtoni na mitungi mgongoni. Chemchemi iliyo chini ya mteremko, ambayo ng'ombe wote walikunywa, nayo yanyamaza.

Baada ya miaka michache hata yule wa mita 80 aona pampu yatoa hewa na matope. Deni bado halijaisha. Wote watano wametumia fedha nyingi ili wapate maji yale yale waliyokuwa nayo mwanzo, na wawili wamekosa kabisa. Hapo ndipo fitina huanza, na watu walioishi kama ndugu hupelekana kwa chifu. Kisa cha taabu hiyo ni kwamba kila mmoja alihesabu maji kuwa ni yake peke yake.

YALIYOWAPATA WENGINE

Tusidhani jambo hili ni la kubuni. Chini ya jiji la Nairobi vipimo vya visima vya tangu mwaka 1950 vyaonyesha ya kwamba kimo cha maji kimeshuka kwa wastani wa mita 6 hivi kila miaka 10. Tangu katikati ya miaka ya 1970, watu walipozidi kuongezeka, maji yanayovutwa chini ya ardhi yameongezeka kama mara 10. Tena mahali ambapo mvua ilikuwa ikizama pamejengwa nyumba na barabara. Ghala latolewa zaidi, na mlango wa kuwekea umezibwa.

Huko India, katika jimbo la Punjab, wakulima walipata mavuno makubwa ya ngano na mpunga tangu miaka ya 1960 kwa mbegu mpya, mbolea na visima vya pampu. Visima hivyo sasa ni zaidi ya milioni moja. Serikali ya jimbo iliwapa wakulima umeme wa pampu bila malipo, kwa nia ya kuwasaidia. Lakini maji yasiyo na bei hayazimwi. Kimo kilishuka mwaka hata mwaka, mpaka mwaka 2009 ikatungwa sheria ya kuwakataza wakulima kupandikiza mpunga kabla ya tarehe 10 Juni, ili shamba lisijazwe maji wakati wa jua kali, kabla mvua haijakaribia. Wenzetu wenye pampu za sola na wafikiri juu ya habari hii.

Kwa wakulima wa Pwani kuna hatari nyingine. Maji ya bahari ni mazito kuliko maji matamu. Kwa hiyo katika ardhi ya mchanga na matumbawe iliyo karibu na bahari, maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi, kama mafuta juu ya mchuzi. Wataalamu wamepima ya kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hubeba chini yake mita 40 hivi za maji matamu. Ukipunguza mita moja ile ya juu, chumvi huanza kupanda kutoka chini, na kwa muda yaweza kupanda kimo kikubwa. Kisima kilichoingia chumvi hakiponi upesi, hata mvua nyingi ikinyesha.

Skimu ya Ziwa Kenyatta, huko Mpeketoni katika Lamu, ilianzishwa miaka ya 1970 kando ya ziwa la maji matamu. Ziwa hilo na visima vilivyo karibu nalo ndio uhai wa watu na mifugo ya pale. Katika ukame wa miaka ya 2016 na 2017 ziwa lilipungua mno, na wote wakaona wazi ya kwamba hata ziwa lina mwisho. Basi mkulima wa Pwani asichimbe kisima kirefu kuliko ilivyo lazima, wala asivute kwa nguvu. Avute kidogo kidogo, na maji yakianza kubadilika ladha apumzishe kisima mara moja.

KIJIJI KINACHOPIMA MVUA

Habari si mbaya tupu. Katika jimbo la Maharashtra, India, kuna kijiji kiitwacho Hiware Bazar, mahali penye mvua chache. Visima vyake vilikuwa vikikauka, na watu wengi walihamia mijini kutafuta kibarua. Kuanzia mwaka 1990 hivi, wakiongozwa na mkuu wa kijiji chao Popatrao Pawar, wakulima wenyewe walichimba mitaro ya kufuata kontua milimani, wakapanda miti, wakazuia mifugo kuzurura ovyo. Kazi hiyo ilikuwa ya kuweka maji ghalani.

Lakini hawakuishia hapo. Wakakubaliana ya kwamba hakuna mtu atakayechimba kisima kirefu cha mashine kwa ajili ya kumwagilia mashamba, wala hakuna atakayepanda miwa, ambayo hunywa maji mengi. Tena kila mwaka hupima mvua, huhesabu maji yaliyopo, kisha hukutana na kuamua pamoja mazao yatakayopandwa. Maji ya watu na mifugo huwekwa kando kwanza. Mvua ikiwa chache, hupanda kidogo. Visima vilirudi, na baadhi ya waliohama wakarudi pia. Linalotupasa kujifunza ni hili: mitaro peke yake haitoshi kama hakuna mapatano juu ya kutoa.

KAZI ZA KUFANYA KATIKA SKIMU YAKO

1. Zuia mvua ndani ya shamba. Lima kwa kufuata kontua, usilime kuelekea bondeni. Weka matuta na ukanda wa nyasi za kulisha ng'ombe. Nyasi za mabingobingo zipandwe kwa njia ya tumbukiza, maana mashimo yake hushika maji na samadi pamoja. Funika udongo kwa mabua na majani makavu baada ya kuvuna, usiyachome. Kila tone lililopunguzwa mwendo lina nafasi ya kuzama.

2. Katika sehemu kavu, jengeni mabwawa ya mchanga. Wakulima wa Kitui, Machakos na Makueni wanayajua vema. Ni ukuta imara wa mawe na saruji uliojengwa kukata mto wa msimu, juu ya mwamba. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa ndani ya mchanga. Karibu robo ya mchanga huo, au zaidi, yaweza kuwa maji, wala jua haliwezi kuyafikia kwa urahisi. Kazi hii haifai kubahatishwa. Mwiteni fundi ajuaye achague mahali.

3. Vuna maji ya bati. Nyumba ya mita 8 kwa mita 6 ina paa la mita za mraba 48. Mvua moja nzuri ya milimita 20 huangusha juu yake lita 960. Hata baadhi ikipotea, utapata madebe 40 bila kugusa kisima. Weka mifereji ya bati na tangi lenye kifuniko.

4. Mwagilia kwa akili. Mwagilia asubuhi na mapema au jioni. Mpe mmea maji kwenye shina, si katikati ya mistari. Mipira ya matone huokoa maji mengi, lakini hata mkebe na matandazo huokoa. Kumbuka ya kwamba ukiokoa maji halafu ukaongeza ekari nyingine ya kumwagilia, hukuokoa kitu.

5. Linda chemchemi na kingo za mito. Usipande mikaratusi hapo. Mwaka 2009 serikali iliamuru ikatwe karibu na vyanzo vya maji kwa sababu hunywa sana. Panda mikuyu, mianzi na miti mingine ya asili ipendayo maji.

6. Rekebisha mabomba yavujayo. Weka debe chini ya mfereji uvujao usiku kucha, na asubuhi uone umepoteza kiasi gani. Kisha zidisha kwa siku 365.

7. Pima kisima chako. Kazi hii haina gharama, nayo ni ya maana kupita zote. Chukua kamba, uifunge fundo kila nusu mita, na mwisho wake ufunge jiwe. Tarehe ya kwanza ya kila mwezi, alfajiri kabla mtu hajateka, shusha kamba mpaka jiwe liguse maji. Hesabu mafundo kutoka mdomo wa kisima, uandike katika daftari pamoja na tarehe. Mvua nayo ipimwe kwa mkebe wenye kuta zilizonyooka, uliowekwa mahali pa wazi, na rula ya mtoto wa shule. Linganisha mwezi wa mwaka huu na mwezi ule ule wa mwaka jana. Maji yakishuka kiangazi na kurudi baada ya mvua, ghala ni zima. Yasiporudi mahali pake mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu, mnakula mbegu.

SHERIA NA MAPATANO

Chini ya Sheria ya Maji ya mwaka 2016, maji ya nchi yako mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa niaba ya wananchi wote. Mwenye shamba si mwenye maji yaliyo chini yake. Anayetaka kuchimba kisima cha mashine lazima apate kwanza kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Kibali hicho si usumbufu. Kwa njia hiyo maofisa huweza kujua visima vingapi viko mahali pamoja, na mnyonge hupata ulinzi dhidi ya mwenye fedha. Anayechimba usiku kwa siri huwaibia watu watano kwa mara moja.

Lakini ofisa hawezi kulala katika kila shamba. Ndiyo sababu sheria yaruhusu wakulima waungane katika vyama vya watumiaji wa rasilimali za maji. Kama chama kipo, jiungeni. Kama hakipo, mwulizeni ofisa wa kilimo au wa maji namna ya kukianzisha. Katika mkutano, daftari za vipimo zisomwe mbele ya watu, na makubaliano yafuate utaratibu huu: kwanza maji ya watu kunywa na kupika, pili maji ya mifugo, tatu bustani ya chakula, mwisho mazao ya kuuza. Wakati wa ukame pampu zipewe siku zake na saa zake. Wenye visima vifupi wasikilizwe kwanza, kwa kuwa wao ndio huona hatari kabla ya wengine.

Wahenga walisema akiba haiozi. Mahindi yaweza kuliwa na funza hata ghalani, lakini maji yaliyozama ardhini hukaa yakimngoja mwenye haja. Wazee waliotutangulia katika mashamba haya walikuta visima vyenye maji. Watoto wetu watarithi mawe ya mpaka yale yale. Ni juu yetu kuamua kama watarithi na maji.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Mvua ya shamba lako hugawanyika katika mafungu gani manne? Ni fungu gani waweza kulipunguza ili lile la kuzama liongezeke?

2. Pampu ya jirani yako hutoa lita ngapi kwa saa? Jazeni debe na mhesabu sekunde, kisha mlinganishe na matumizi ya nyumba yako kwa mwaka.

3. Kisima kifupi kuliko vyote katika skimu ni cha nani? Maji yake yalikuwa kimo gani miaka mitano iliyopita, na yako wapi leo?

4. Mvua za mwaka huu zikikosekana, ni zao gani mtakubaliana kutolimwagilia? Ni nani atakayewaambia wenye zao hilo, na skimu itawasaidia namna gani?

Kikundi kitakachomaliza maswali haya kipeleke majibu ya swali la tatu kwa ofisa wa kilimo wa wadi, pamoja na daftari ya vipimo. Asiye na daftari aanze tarehe ya kwanza ya mwezi ujao.